Kaburi la Kuazima

Mtwara,
3 Agosti.

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako kifua kimempungua, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua, ingawa upepo wa wiki hii umeyapukutisha mengi. Ujumbe wako niliupata siku ileile ulipoutuma, lakini niliona nisikujibu kwa simu, kwa sababu jambo uliloliuliza ni refu kuliko salio la mwalimu mstaafu, na tena nilihitaji siku kadhaa za kulitafakari kabla sijashika kalamu.

Umeniandikia kwamba tarehe 25 Julai ofisi yenu ilikwenda kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa hapo Dodoma. Uliona Rais akiweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, kiongozi wa mabalozi akiweka shada la maua, Meya akiweka upinde na mshale, na mzee mwakilishi wa askari wastaafu akiweka shoka. Tarumbeta ilipolia ulisimama kama wenzako, na hukuhisi chochote isipokuwa jua la utosini. Kisha ukaniuliza, nami nayarudia maneno yako kama yalivyo: "Mama, tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukinipeleka makaburini Naliendele kila mwaka, na hatuna mtu wetu aliyezikwa pale. Ulikuwa ukimwombea nani? Na mimi nina kasoro gani ninayesimama mbele ya mnara moyo wangu ukawa mkavu?"

Nianze na hilo la kasoro, maana naona ndilo linalokuuma. Huna kasoro. Hapa kwetu mtu akifiwa, jirani hujifunga kanga yake, hubeba unga au sukari au hata mzigo wa kuni, akaenda kukaa mkekani pamoja na wafiwa. Hakuna anayesimama mlangoni kumpima machozi. Kinachoulizwa baadaye ni kama alifika au hakufika. Nimewaona waliolia hadi wakashikiliwa na siku ya arobaini hawakuonekana, na nimewaona waliokaa kimya jikoni wakimenya vitunguu siku tatu mfululizo, ambao mfiwa huwataja hadi leo. Mnara wa taifa, kwa jinsi ninavyoufahamu mimi, ni mkeka wa msiba uliotandikwa na serikali ili hata asiyemjua marehemu apate mahali pa kukaa. Wewe ulifika. Hilo la moyo kuwa mkavu huenda linatokana na kwamba hakuna aliyekwambia pale aliyefariki ni mtoto wa nani, na kwa hilo lawama ni zetu tuliokulea na kukufundisha, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa nije Naliendele. Unajua kwamba mtu wa Mtwara akisikia jina hilo, mawazo yake huenda kwanza kwenye korosho, kwa sababu ya kituo cha utafiti kilichopo huko njia ya Newala. Yale makaburi ya askari huyakumbuka baadaye, na wengine huyakumbuka Julai tu. Waliolala pale ni vijana wa jeshi letu waliofia Msumbiji. Sisi wa kusini hatukuhitaji ramani ili tuelewe kwa nini walikwenda: FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Nachingwea kwa miaka mingi, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 watu walishangilia upande huu wa mto Ruvuma kama vile uhuru ni wao. Baada ya Rais Samora Machel kufariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, na waasi wa RENAMO wakiwa wamezidi nguvu katika jimbo la Zambezia, Tanzania ilipeleka majeshi kusaidia, nayo yakakaa huko hadi mwaka 1988. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu wakati huo. Nilikuwa nikifundisha darasa la tatu, na katika darasa lile walikuwamo watoto ambao baba zao walikuwa ng'ambo ya mto. Kwenye mahudhurio ya asubuhi mtu ungeweza kujua nyumba gani imepokea habari mbaya.

Pamoja na hayo yote, nakiri kwamba miaka ya mwanzo nilikwenda Naliendele kikazi tu. Kila ilipokaribia Siku ya Mashujaa, shule niliyokuwa nikifundisha ilitakiwa kutoa wanafunzi wa kufanya usafi, nasi tulikwenda na mafagio ya chelewa, tukafagia majani, tukang'oa magugu, tukarudi. Sikuwaambia watoto wale lolote. Sikuwasomea hata jina moja. Nilikuwa nikihesabu mafagio wakati wa kuondoka ili yasipungue, na hicho ndicho nilichokumbuka kuhusu siku hizo, idadi ya mafagio.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja aliyetoka Singida. Ilikuwa Novemba 1991, mabibo ya mikorosho yameanza kudondoka. Alikuwa amefikia kwa jirani yetu ambaye mumewe alikuwa askari, na alikuwa amesafiri siku nne, kwa sababu daraja la Mkapa lilikuwa bado (lilifunguliwa mwaka 2003), na mtu aliyekuja kusini kwa barabara alilazimika kungoja kivuko pale Rufiji, akiomba Mungu mvua isimkute kabla ya kufika Lindi. Mwanawe alikuwa amezikwa Naliendele, naye hakuwahi kuliona kaburi. Jirani alikuja kuniomba nimsindikize kwa sababu moja tu: yule mama hakujua kusoma, na aliogopa kulilia kaburi la mtoto wa mwenzake.

Tulikwenda watu watatu, yeye, mimi na wewe. Ulikuwa na miaka minne. Wewe ulikaa chini ya mkorosho na bibo mkononi, maji yake yakikuchirizika hadi kwenye gauni, doa ambalo halikutoka tena. Mimi na yule mama tulitembea mstari kwa mstari, nikisoma majina kwa sauti. Nilipolisoma la mwanawe hakulia. Aliniambia, "Soma tena, mwalimu." Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma mara ya tatu. Kisha akachuchumaa, akaweka kidole juu ya maandishi na kuuliza herufi ya kwanza ni ipi. Nilimwonyesha. Akaipitia kwa kidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akaokota kijiti na kuiandika mchangani pembeni ya kaburi, akaifuta, akaiandika tena, hadi ikamkaa. Alitaka, alisema, aondoke nayo. Tulipokuwa tukiondoka alinishika mkono akaniambia, "Wewe uko karibu. Ukipita siku nyingine, mwambie kwamba nilifika."

Basi ndiyo sababu ya kwanza, mwanangu: nilitumwa salamu, na salamu ni deni. Lakini ningeweza kuilipa mara moja nikaacha. Sababu iliyonirudisha miaka yote ile inatoka upande wa bibi yangu, mama yake mama, na baadhi yake umewahi kuisikia kwa vipande, ukiwa umesinzia.

Bibi alizaliwa katika kijiji kimoja kati ya Nyangao na Mahiwa, mkoa wa Lindi. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, na wanaoandika historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki huvihesabu vita hivyo kuwa miongoni mwa vilivyomwaga damu nyingi kuliko vyote vya upande huu. Katika jeshi la Waingereza la watu wapatao 5,000, waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000, wakiwamo askari wengi wa Nigeria, vijana walioletwa kutoka upande wa pili wa bara kuja kufia kwenye mashamba ya Wamwera. Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alishinda, lakini naye alipoteza watu asioweza kuwapata tena, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Hayo niliyasoma nikiwa chuo cha ualimu. Nyumbani sikusikia jina la jenerali hata mara moja. Nilisikia habari za kisu.

Baba yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo. Waliomchukua, alisema bibi, walikuwa askari weusi wenye bunduki, na kwa mtoto wa miaka saba hilo lilitosha. Mzungu gani alikuwa nyuma yao halikuwa jambo la kuulizwa. Baba aliambiwa atarudi jioni. Akakifungua kisu chake kiunoni na kukitundika kwenye nguzo ya mlango, ili kisimsumbue chini ya mzigo, akaondoka. Mama yake bibi alikataza mtu yeyote kukigusa. Kilining'inia pale hadi chuma kikashika kutu na mpini ukaliwa na mchwa, na siku kilipoanguka chenyewe ndipo walipokaa chini na kukubali kwamba mwenye kisu hatarudi. Tatizo lililowakuta baada ya hapo lilikuwa la hesabu. Arobaini ihesabiwe kutoka siku ipi? Hitima isomwe lini, na baada ya hitima watu waelekee kaburi gani? Walisoma tu, siku waliyoichagua wenyewe. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa unalijua: ndilo alilorithi kaka yako.

Watu kama yeye walikuwa wengi kupita kiasi. Wapagazi waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza katika vita vile hukadiriwa kukaribia 100,000, na waliowaua zaidi ni njaa, kuhara damu na malaria kuliko risasi. Wazungu waliokufa waliwekewa makaburi yenye majina. Wapagazi waliachiwa vichaka. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Binamu yako alinisomea habari hiyo kwenye simu yake. Nilifurahi, sikatai, lakini nilitamani bibi angekuwapo aisikie, maana yeye alikuwa na swali moja ambalo hakuna ripoti inayolijibu, nalo ni kama baba yake alikula siku ile.

Unakumbuka mwaka juzi ulinitumia picha ukiwa umesimama chini ya Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam? Ulikuwa umependeza, ila sidhani kama ulisoma maandishi yaliyo chini yake. Sanamu ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni yanatoa ahadi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kwa safari ya kikazi, na nilibaki nimesimama pale hadi mwenzangu akaniita. Ahadi ile ni ya kweli, maana jina tunalikumbuka hadi leo. Lakini mwandishi aliahidi kwa niaba yetu kazi ambayo Waingereza wenyewe hawakuifanya, kwa maana katika mnara wote ule hakuna jina hata moja la mpagazi.

Ndipo nikaazima kaburi. Sina neno jingine la kulieleza jambo hili. Kila mwaka nilipokupeleka Naliendele tulikwenda kwanza kwa yule kijana wa Singida. Kaburi lake lina msalaba, nawe unajua sisi ni Waislamu. Sikumsomea Fatiha, nilimpa salamu za mama yake kama nilivyotumwa, nikaondoa majani. Kisha nilirudi nyuma hatua mbili, nikainua mikono, nikamwombea babu yetu ambaye hana hata kichuguu cha kuelekea. Uliniuliza siku moja kwa nini nasimama mbali na kaburi wakati wa dua, nikakwambia nakwepa jua. Nisamehe uongo huo. Ulikuwa mdogo, na nilidhani jambo la mtu aliyepotea lingekutisha usiku.

Unaweza kusema kwamba ningefanya hivyo popote, hata chini ya mkorosho wetu, kwani dua haihitaji mnara. Ni kweli. Lakini nimejifunza kwamba mtu asiye na kaburi hukumbukwa vizuri zaidi akiwa karibu na wenye makaburi, kama vile mgeni asiye na ndugu mjini anavyopokelewa kwenye futari ya jirani. Wale vijana walivuka Ruvuma kwa amri, wakabeba uzito, wakafa mbali na mama zao. Baba yake bibi naye pia. Tofauti ni kwamba wao walirudishwa, wakazikwa, wakaandikwa, na nchi ikajifunza, baada ya miaka sabini, kwamba anayebeba mzigo wake anastahili herufi zake.

Nisije nikakufanya uamini kwamba saruji peke yake inatosha. Niliwahi kufika Kilwa Kivinje na wanafunzi wa darasa la sita, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wao, mwaka 1895, miaka kumi kabla ya wakulima wa Nandete kung'oa pamba na Vita vya Majimaji kuanza. Pana ukumbusho pale, lakini kilichonigusa ni mtoto mdogo aliyekuwa akiuza karanga. Nilimuuliza kwa nini panaitwa hivyo, akanieleza habari yote bila kusita, ya mti, kamba na wazee walionyongwa, huku akirudisha chenji. Hakuna aliyempeleka kwa gwaride. Aliikuta habari hiyo katika jina la mahali anapouzia karanga. Tangu siku ile nilianza kuwasomea wanafunzi wangu majina kabla ya kuwapa mafagio, kila mmoja akichukua jina moja la kurudi nalo nyumbani, na wengine walipokuja kunisalimia wakiwa watu wazima waliyataja.

Kuhusu sherehe za Dodoma, sina ugomvi nazo. Naona hata vifaa vile vimechaguliwa kwa busara, maana shoka na upinde ni vitu vya mkulima na mwindaji kabla ya kuwa silaha, na mzee wa Majimaji angevitambua. Kinachonikera ni vipaza sauti na kusimamisha watoto juani tangu alfajiri hadi wanazimia. Lakini ukialikwa tena mwakani, nenda. Na kabla ya kwenda, mtafute mtu mmoja aliyefiwa katika vita vyovyote vya nchi hii, awe mama mboga wa mtaani kwako au mlinzi wa ofisini, umwombe akutajie jina la mtu wake. Kisha simama na jina hilo tarumbeta ikilia. Kama moyo utabaki mkavu, hewala, utakuwa umefika nalo.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mjomba wako amekubali tuweke jiwe la babu kule kijijini, ndani ya uzio wa makaburi ya ukoo, kando ya bibi. Si kaburi, na mwalimu wa madrasa amesema hakuna ubaya ikiwa hatutajenga kitu kikubwa wala kudai kwamba amelala pale. Saruji mifuko miwili nimekwisha nunua, na fundi yuko tayari. Ameniuliza herufi anazotakiwa kuchonga ni zipi na nani atamchorea kwenye karatasi. Nimemwambia asubiri Desemba, wewe na kaka yako mtakapokuja, kwa kuwa mwandiko wangu siku hizi unatetemeka. Njoo na kalamu nene, zile za kuandikia mabango, kwani huku zinazouzwa hukauka kabla hujamaliza sentensi moja.

Wasalimie wote hapo nyumbani kwako.

Ni mimi mama yako.